Pleti Inapoishia

Mwenye gari haji kwangu akisema chesi imekatika. Huja akilalamika kwamba mlango wa dereva siku hizi lazima ubamizwe, au usukani unavuta upande mmoja, au, kama wasemavyo madereva wanaotoka Beni na Butembo, upande wa Kongo, "Fundi, iko inalia huko chini." Siingii chini ya gari kwanza. Narudi nyuma hatua chache, nasimama ubavuni, nauangalia mwanya ulio kati ya kabini na bodi ya mzigo. Ukiwa sawa juu na chini, basi tuzungumze habari za bushi na maunti. Ukiwa umefunguka juu na kubana chini, mkia wa gari umeanguka. Ukiwa umebana juu, gari limelegea tumbo. Hapo namwambia mwenyewe ashushe mzigo na atafute pa kulala, maana kazi hiyo haiishi leo.

Karakana yangu iko Bwera, magharibi mwa Uganda, kandokando ya barabara inayoachana na njia kuu pale Kikorongo na kuteremkia Mpondwe, mpakani na Kongo. Kutoka Kasese mjini hadi hapa ni lami, na kwa lami hiyo peke yake gari lingezeeka bila kumjua mchomeleaji. Taabu iko kwenye matawi. Ukipanda Kyarumba, Ihandiro au Kitholhu unaingia barabara za udongo zilizochongwa kwenye mabega ya Rwenzori, na mvua za Machi hadi Mei huzikata mifereji ya mshazari. Gurudumu la mbele kushoto linapanda, la nyuma kulia linapanda, mengine mawili yanatafuta ardhi. Chesi inasokotwa huku, mfereji unaofuata inasokotwa kule, kutwa nzima. Na mito nayo ina yake. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulitoka kwenye njia yake ukashuka na mawe kutoka Kilembe, ukabomoa nyumba, madaraja na sehemu za hospitali. Daraja likishakwenda, gari hupita mtoni, na mtoni hakuna mahali pa kuweka magurudumu manne kwa usawa.

Wenzetu wa Marekani na Australia huchomelea pleti kwenye magari yao ili wakapande miamba siku ya mapumziko. Siwalaumu, ni raha yao. Hapa gari la kupanda mlima ni gari la kazi: Land Cruiser za mfululizo wa 70, ule uliotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1984, Hilux za kila umri, Land Rover ambazo wenye nazo hawataki kuzika, na Canter zinazojidai kuwa na uwezo wa kwenda kokote. Zinabeba kahawa kutoka mlimani, saruji kutoka Hima, chumvi kutoka Katwe, na mbao kutoka Kongo. Mbao ndizo adui yangu mkubwa, au niseme ndizo mteja wangu mkubwa. Ubao ni mrefu kuliko bodi, kwa hiyo unachomoza nyuma, na kila kilo iliyo nyuma ya ekseli ya mwisho inakandamiza mkia na kutaka kuinua pua. Boriti la chesi liko katikati ya ubishi huo.

Msomaji asiyewahi kulala chini ya gari aelewe hivi. Gari la kazi lina maboriti mawili marefu ya chuma, la kulia na la kushoto, yanayotoka bampa ya mbele hadi ya nyuma. Yameunganishwa na mataruma, ambayo sisi tunayaita krosi. Injini imekaa juu yake, kabini imekaa juu yake, bodi imekaa juu yake, na chini yake zimening'inizwa springi na ekseli. Kila pigo la barabara linapita kwenye maboriti hayo kabla ya kufika kwa abiria. Bati lenyewe si nene. Kwenye pickup nyingi ni milimita chache tu, na watu hushangaa nikiwaonyesha kipande kilichokatwa. Nguvu yake inatokana na umbo zaidi kuliko unene.

Umbo lina aina mbili. Kuna boriti la wazi, lenye ubavu mmoja na kingo mbili, ya juu na ya chini, upande wa ndani ukiwa mtupu. Kuna pia boriti lililofungwa pande zote nne. Tofauti yake inaonekana kwenye kusokota. Chukua bomba la chuma ulisokote kwa mikono, halisogei. Sasa lipasue kwa grainda mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, lakini mkono wa mtu unalisokota. Kwa hiyo fundi anayefunga boriti la wazi kwa pleti amebadilisha tabia ya gari zima, hata kama mwenye gari aliomba kiraka tu.

Na si kila gari linataka kubadilishwa tabia. Malori mengi yameachiwa maboriti ya wazi makusudi, yasokoteke kidogo ili magurudumu yote yabaki ardhini. Wajerumani waliounda Unimog walilichukua wazo hilo wakaenda nalo mbali: chesi yake imetengenezwa isokoteke, na kabini imeegemezwa kwa namna ambayo msokoto huo hauipasui. Upande wa pili yuko Land Rover. Mwaka 1948 Waingereza walikuwa wametoka vitani, hawakuwa na mashine kubwa za kukandamiza mabati, basi wakakata vipande virefu vya bati na kuvichomelea kwenye pembe mpaka vikawa boksi. Mtu akiniambia kwamba chesi haichomelewi hata kidogo, namkumbusha kwamba Land Rover ilizaliwa kwa kuchomelewa.

Swali langu kwa kila chesi ni hili: nguvu itakwenda wapi nikishaweka pleti? Watu hudhani pleti huimeza nguvu. Haiimezi, inaisukuma mbele. Shika muwa mrefu kwa ngumi mbili zilizogusana, mwambie mtoto auvute ncha. Hauvunjiki ndani ya ngumi. Unavunjika mdomoni mwa ngumi, pale mkono unapoishia na muwa unapobaki peke yake. Pleti iliyokatwa mraba na kuzungushiwa mshono pande zote ni ngumi hiyo. Ndani yake chesi haitapata ufa tena, hilo nakubali. Nje yake, kwenye mstari ule wa wima pleti inapoishia, ufa mpya unaanza, na safari hii unakata boriti zima kwa sababu fundi ameuchorea njia.

Nimeletewa magari yaliyopigwa pleti mara tatu kwa mafuatano, kila pleti ikifukuza ufa wa mwenzake, mpaka boriti limevaa chuma kutoka kabini hadi hanga, yaani kishikio cha springi. Kila fundi aliyelipwa alikuwa mkweli kwa namna yake: pale alipoziba hapakuvunjika.

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kutafuta ufa kabla ya kutafuta pleti. Alikuwa fundi mitambo wa mgodi wa Kilembe enzi za shaba, wakati treni iliyofika Kasese mwaka 1956 ilikuwa ikibeba madini kwenda kuyeyushwa Jinja. Alikuwa na kopo la mafuta ya taa na chaki ya shuleni, na mimi bado natumia hivyo hivyo. Kwanza unaondoa tope, rangi na kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe. Unapaka mafuta ya taa, unayaacha yanywewe, kisha unafuta kwa kitambaa kikavu mpaka juu hapana unyevu. Unasaga chaki, unapuliza unga wake juu ya chuma. Kama hakuna kitu, unga unabaki mweupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda taratibu na kuchora mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele, na mara nyingi ni mrefu kuliko ulivyoonekana kwa macho. Mwenye gari naye namwita aje aone. Ni rahisi kukubaliana bei mbele ya mstari huo.

Ufa unasema mengi kwa anayeuliza. Ukianzia ukingo wa juu na kushuka, mzigo ulikuwa mkiani: mbao. Ukianzia ukingo wa chini na kupanda, mzigo ulilalia katikati, aghalabu magunia yaliyorundikwa nyuma ya kabini. Ukizunguka tundu la bolti, tundu hilo lilitobolewa na mtu baada ya gari kutoka kiwandani, labda kwa ajili ya bampa au tangi la pili. Ukikaa kando ya boksi la usukani, angalia matairi: yamekuwa makubwa kuliko ya asili, na kila dereva anapozungusha usukani gari likiwa limesimama, boksi linang'ang'ana kulipasua boriti. Na ukikuta ufa pembeni mwa krosi ya nyuma, muulize mwenyewe kama ameongeza majani ya springi. Atakubali huku akijisifu. Springi iliyogeuzwa kuwa ngumu haimezi mshtuko tena, inaupandisha juu kwa chesi. Australia wana toleo lao la balaa hilo: pickup za kabini mbili, trela nzito nyuma, na mifuko ya hewa iliyowekwa katikati ya springi. Uzito uliokuwa ukigawanywa kwenye hanga mbili, ya mbele na ya nyuma, sasa unasukuma sehemu moja ya boriti, na chesi inapinda nyuma ya kabini kwa namna ambayo huko haimshangazi fundi yeyote.

Ukishaujua ufa, unauzuia kukimbia. Natoboa tundu dogo kwenye kila ncha yake kwa drili, maana ufa una ncha kali na ncha kali ndiyo inayopasua. Ukifika kwenye tundu la duara unapoteza meno. Kisha naufungua kwa grainda, mfereji wenye umbo la V unaoshuka karibu na upande wa pili, ili mshono ujaze unene wote wa bati. Mshono uliolala juu ya ufa bila kuingia ndani ni rangi tu.

Lakini kabla ya kuchomelea chochote, gari linyooke. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Naondoa mzigo, nafungua bodi, naweka jeki na vigogo chini ya maboriti, nanyanyua kidogo kidogo. Ninaning'iniza timazi kutoka kwenye matundu ya asili ya chesi, kulia na kushoto, mbele na nyuma, na chini yake naweka alama za chaki sakafuni. Halafu napima mshazari kwa uzi: kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto, kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia. Nyuzi mbili zikiwa sawa, au zikitofautiana kwa milimita chache, chesi iko mraba. Zisipokuwa sawa, ukichomelea pleti utakuwa umelifunga gari likiwa limepinda, na litatembea upande upande mpaka liuzwe kwa mtu asiyejua.

Sasa pleti. Mzee mmoja mnunuzi wa kahawa, ambaye Land Cruiser yake naijua kuliko anavyoijua yeye, alinijia na majani mawili ya springi ya Fuso mkononi.

"Mwanangu, nibandikie haya, moja huku moja kule."

"Mzee, hayo ni magumu mno."

"Si ndicho ninachokitaka, ugumu?"

Nilimkalisha nikamweleza, na wewe msomaji nakueleza kwa sababu wazo lake liko kwenye vichwa vya watu wengi. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Ukikiyeyusha kwa moto wa kuchomelea kisha kikapoa ghafla, sehemu iliyo kando ya mshono inakuwa ngumu na yenye kukatika bila kupinda. Leo inashika, wiki ijayo unasikia mlio mmoja na jani zima linaning'inia. Vipande vya reli vinavyotembezwa na wauza chakavu vina ugonjwa huo huo. Ninachotaka ni chuma laini cha kawaida, chenye unene sawa na boriti au pungufu kidogo. Kisizidi. Pleti nene kuliko boriti ni ngumi ngumu kuliko muwa.

Mzee aliuliza pia habari ya uzito, na hapo nilimpa hesabu. Pleti ya milimita 4 yenye upana wa sentimita 10 ina kilo tatu na kidogo kwa kila mita. Mita mbili kila upande ni kilo kumi na mbili na ushee, kama robo ya gunia la saruji. Uzito wa pleti haumwumizi mtu. Kinachoumiza ni kwamba mwenye gari akishaiona anaongeza magunia matano.

Namna ya kukata ndiyo kazi yenyewe. Ncha za pleti hazikatwi mraba. Nazikata mshazari mrefu, zichongoke, au nazitoboa ndani mdomo wa samaki, ili chuma kipungue kidogo kidogo na nguvu ishuke kwa boriti bila kuanguka. Pleti ya kulia na ya kushoto hazianzii wala haziishii mkabala na krosi au tundu kubwa, nasogeza. Pleti ya ndani na ya nje zikiwekwa kwenye boriti moja, ncha zake zipishane. Na pleti ivuke ufa kwa nafasi ya kutosha kila upande, si kuufunika tu kama bandeji. Mara nyingi naiweka kwenye ubavu wa boriti. Najua, na mwanafunzi yeyote wa ufundi atakwambia, kwamba chuma kilicho mbali na katikati, yaani kwenye kingo za juu na chini, ndicho kinachozuia kupinda zaidi. Kweli. Lakini kingo ndizo zinazovutwa kuliko sehemu yoyote, na mshono uliokatiza ukingo ni jeraha. Ninakubali kupoteza kidogo upande wa nguvu ili nisiache jeraha.

Kwa sababu hiyo hiyo sichomi mshono wa wima unaokata boriti kutoka juu hadi chini. Mishono yangu inakwenda na urefu wa gari, na inasimama kabla ya kufika ukingoni. Katikati ya pleti natoboa matundu ya duara na kuyajaza chuma, ili pleti ishike boriti katikati nako. Sichomi mfululizo. Nachoma kipande kifupi mbele kulia, nahamia nyuma kushoto, narudi katikati, nasubiri mkono uweze kugusa. Chuma kilichopata moto kinatanuka, kikipoa kinavuta. Mshono mrefu wa juu uliochomwa kwa pupa unaweza kuliinua boriti ulilokuwa umelinyoosha asubuhi nzima.

Wateja wananiona nikifungua nyaya za betri wanadhani naogopa shoti. Naogopea kontroli boksi na alteneta, ambavyo havipendi umeme wa mashine ya kuchomelea. Klempu ya ethi naibana karibu kabisa na ninapochoma, kwenye chuma kilichosuguliwa. Ukiibana kwenye ringi ya tairi upande wa pili, umeme utapita kwenye bearingi za gurudumu kutafuta njia, na bearingi itaanza kulia baada ya siku chache bila mtu kujua kisa. Paipu za breki na nyaya zinazofuata boriti zifunguliwe zisogezwe. Tangi la mafuta lishuke. Hilo halina mjadala, hata mteja akisema limebaki tupu, maana tangi tupu lina mvuke na mvuke ndio unaolipuka.

Rodi nazo zina adabu yake. Zile za 6013 zinapatikana kila duka la vifaa Kasese, zinawaka kirahisi na mshono wake ni mzuri kutazama. Kwa ufa wa chesi napendelea 7018. Tarakimu mbili za mwanzo zinasema nguvu ya mshono: 60 ni ratili elfu 60 kwa kila inchi mraba, 70 ni elfu 70. Ila 7018 haivumilii unyevu. Ikinyonya maji ya hewa, haidrojeni inaingia kwenye mshono na kuupasua ukiwa umeshapoa, pengine usiku mwenye gari akiwa amelala. Viwandani huzikausha kwa joto la nyuzi 300 au zaidi. Mimi nazinunua zikiwa kwenye pakiti isiyofunguliwa, nazitoa chache chache, na msimu wa mvua kopo la rodi linakaa juu ya sigiri yenye makaa hafifu kutwa. Mama muuza chai wa jirani huniuliza kila mwaka nimeivisha nini.

Na kuna umeme wenyewe. Msimu wa kahawa, mashine za kukoboa zikiwashwa pamoja na za kusaga mahindi, nguvu inashuka na moto wa rodi unakuwa mchovu. Mshono unakaa juu ya chuma bila kuuma ndani, na ukiufunika kwa rangi hakuna atakayejua mpaka Kyarumba. Kazi ya chesi naifanya alfajiri au usiku, mashine za watu zikiwa zimezimwa.

Kuna chesi ninazozikataa. Baadhi ya malori makubwa yana maboriti yaliyopikwa kwa moto kiwandani ili yawe na nguvu kubwa kwa unene mdogo. Ukiyachomelea unayarudisha kwenye ulaini pale moto ulipopita. Hayo hurekebishwa kwa bolti, na mwenyewe namwelekeza anakopaswa kwenda. Nakataa pia chesi iliyoliwa. Lori la chumvi ya Katwe halihitaji mlima kuvunjika. Maji ya chumvi yanadondoka kutoka kwenye magunia, yanajikusanya ndani ya boriti, na kutu inakula kutoka ndani huku rangi ya nje ikicheka. Kiwanda cha chumvi walichojenga Wajerumani pale Katwe miaka ya 1970 hakikudumu, kwa sababu maji hayo hayo yalitafuna mabomba yake. Pickup ya mtu ni nani hata ijidai? Nagonga boriti kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinaitika. Kilichooza kinatoa sauti ya debe, na wakati mwingine nyundo inaingia. Pleti nzuri juu ya bati lililooza haina pa kushika.

Chesi nzima nayo, ukishaifunga, usiifanye kuwa chungu. Acha matundu ya chini ya kutoa maji. Moto umeunguza rangi ya ndani, kwa hiyo nje napaka praima ya zinki, na ndani napuliza oili chafu mpaka ivuje matunduni. Inachafua sakafu na inanuka. Inafanya kazi.

Jambo moja ambalo fundi wa mbali anaweza kulisahau: namba. Kwenye Land Cruiser na Hilux namba ya chesi imegongwa kwenye boriti la kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ukiifunika kwa pleti, hata kwa nia njema, mwenye gari ataikumbuka pleti yako mbele ya maofisa wa Mpondwe, wakimuuliza gari ni la nani. Ufa ukipita karibu na namba, natengeneza pleti ya upande wa ndani.

Nikimaliza, namwambia mteja apakie nusu mzigo, apande mlima mara moja, arudi kabla ya kwenda Kongo. Wengi hawarudi. Wanaorudi nawapakia mafuta ya taa kwenye ncha za pleti, nafuta, natoa chaki, ncha moja baada ya nyingine. Pleti ikishika siku za mwanzo kwenye ncha, kwa kawaida imeshika.

Siku hizi nyufa zimeanza kubadilika sura. Mwezi Juni 2021 marais wa Uganda na Kongo walikutana hapa mpakani kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223 upande wa Kongo, zikiwemo 80 za Kasindi hadi Beni. Madereva waliokuwa wakiniletea maboriti yaliyopasuka kwenye pembe za krosi, ufa wa kusokotwa, sasa wananiletea zaidi yale yaliyokatika ukingo wa juu, nyuma ya kabini. Penye lami wanakwenda kasi, na kwa kuwa njia imekuwa nzuri wanaongeza mbao. Mmoja aliniomba majuzi nimwekee pleti ndefu kutoka kabini hadi bampa ya nyuma ili ubao uchomoze mita nyingine. Nilimwambia bodi isogezwe mbele na mbao zifupishwe, na pleti iwe ya mita moja. Tumeshindwa kuelewana kuhusu mbao. Bodi tunaisogeza Jumatatu.